Mtoto Mdogo Mwenye Uwezo Mkubwa: Namna ya Kuamua Kama Arushwe Darasa au Aingizwe Darasa la Vipaji

Kila mwaka shule zinapokaribia kufunga, swali hili huulizwa sana hapa Bagamoyo, kuanzia Dunda na Magomeni hadi Kaole. Mtoto wa miaka 6 au 7 anasoma vizuri kuliko wenzake, anajumlisha kichwani, anamchosha kila mtu kwa maswali, na shule fulani imemwambia mzazi kwamba huyu ni wa darasa la vipaji, au kwamba arushwe darasa. Mwongozo huu ni wa mzazi au mlezi wa mtoto aliye kati ya darasa la awali na Darasa la Nne. Kinachostahili kutazamwa kwa mtoto wa umri huo ni namna anavyojifunza jambo jipya, kwa sababu yale anayoyajua tayari yanaweza kuwa yametokana na mambo mengi yasiyohusiana na kipaji. Na mabadiliko atakayopewa yasizidi haja iliyoonekana.

Hatua ya kwanza: Jua ni kitu gani hasa unachopewa

Serikali ina shule za wanafunzi wenye vipaji maalumu, nazo zinajulikana: Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Kilakala, Msalato, na mbili za Tabora, ya wavulana na ya wasichana. Zote ni za sekondari, na njia ya kuingia ni matokeo ya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Kwa hiyo, ingawa Kibaha imo humu humu mkoani Pwani, haina la kumfanyia mtoto wa Darasa la Pili kwa sasa, na mzazi hana sababu ya kuanza kumnoa kwa ajili yake akiwa na miaka 7.

Kwa mtoto mdogo, kinachoitwa programu ya vipaji huwa ni kimojawapo kati ya mambo haya: kurushwa darasa; kuwekwa katika mkondo wa watoto wachache waliochaguliwa, jambo linalofanywa na baadhi ya shule binafsi; kupewa masomo ya ziada baada ya saa za shule; au kuhamishiwa shule nyingine kabisa, ambayo mara nyingi ni ya mchepuo wa Kiingereza. Bweni lisiwemo katika hesabu zako, kwa kuwa mwaka 2023 Wizara ya Elimu ilizuia huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi Darasa la Nne, isipokuwa kwa kibali maalumu, na kwa maoni yangu zuio hilo lilichelewa.

Shule ikikuambia ina darasa la vipaji, uliza maswali matatu kabla ya kuuliza ada. Nani huchagua watoto, na kwa kipimo gani? Ni kitu gani kinachofundishwa humo ambacho hakifundishwi katika darasa la kawaida? Na mtoto akionekana hapawezi, hurudishwa vipi? Ukijibiwa kwamba watoto hao hupewa mazoezi mengi zaidi na huchelewa kutoka, hiyo ni tuisheni iliyopewa jina zuri. Mtoto aliyeelewa kutoa kwa kukopa hahitaji maswali 60 ya kutoa kwa kukopa. Anahitaji swali moja ambalo hajawahi kuliona.

Shule za mchepuo wa Kiingereza nazo zinahitaji tahadhari ya pekee. Mtoto aliyezaliwa na kulelewa kwa Kiswahili akiingizwa ghafla katika darasa linaloendeshwa kwa Kiingereza anaweza kunyamaza kwa muda mrefu, na walimu wasiomfahamu wakamhesabu kuwa mzito. Hilo halimaanishi kwamba asipelekwe; linamaanisha kwamba mwaka wake wa kwanza huko usitumike kupima uwezo wake kwa namna yoyote, wala kwa kumpandisha wala kwa kumshusha.

Hatua ya pili: Ondoa kwanza sababu nyepesi

Mtoto huanza Darasa la Kwanza akiwa na miaka 6, na mwaka wa masomo huanza Januari. Katika darasa moja, basi, aliyezaliwa Januari anaweza kumzidi aliyezaliwa Desemba kwa takriban miezi 11, na kwa mtoto wa miaka 6 huo ni karibu sehemu moja ya sita ya maisha yake yote. Katika darasa lenye watoto wengi, wale wakubwa ndio wanaoshika penseli vizuri, wanaokaa kimya na wanaomaliza kazi mapema, kisha wanasifiwa kuwa na akili. Angalia tarehe ya kuzaliwa ya mwanao na ya wale anaolinganishwa nao. Akiwa miongoni mwa wadogo na bado anawapita, jambo hilo lina uzito. Akiwa ndiye mkubwa wao, subiri.

Sababu nyepesi ya pili ni mafunzo ya mapema. Mtoto mwenye dada wa Darasa la Tano anayependa kucheza mwalimu-mwanafunzi kila jioni ukumbini atajua kusoma silabi kabla ya wenzake, na hilo ni jema, lakini tofauti hiyo hupungua wenzake wanapofundishwa. Mwulize mwalimu kama pengo kati ya mwanao na darasa linazidi kupanuka au linapungua tangu Januari. Likiwa linapungua huku mtoto akifundishwa vizuri, basi lilikuwa pengo la kutangulia tu.

Hatua ya tatu: Weka daftari kwa wiki tatu hivi

Usiandike sifa. Andika matukio, yaani alichosema, alichofanya, alikaa nacho kwa muda gani, na alifanya nini alipokosea. Maneno kama "ana akili sana" hayatamsaidia mwalimu wala wewe mwenyewe mtakapokaa kuamua.

Mfano wa tukio linalostahili kuandikwa ni huu. Ufukweni karibu na soko la samaki, mtoto wa kike wa Darasa la Kwanza alimwuliza babu yake kwa nini jana wakati ule ule mashua ilikuwa ikielea, na leo bado imelala mchangani. Babu akamjibu kwamba maji kila siku huchelewa, hayafikii saa nzima lakini ni karibu. Mtoto akanyamaza, akahesabu vidole, akasema: "Basi babu, Jumamosi ijayo wakati huu maji yatakuwa yamekwenda kule mbali kabisa." Maji huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku, kwa siku 7 hiyo ni saa 6 kasoro dakika 10, na hicho ndicho kipindi cha maji kutoka kujaa hadi kupwa. Mtoto hakuambiwa hivyo. Aliambiwa kitu kimoja, akakiunganisha na kingine alichokuwa amekiona mwenyewe kila siku, akatoa cha tatu. Tukio moja la namna hii lina maana kubwa kuliko kukariri majina ya mikoa yote ya Tanzania mbele ya wageni.

Andika pia upande wa pili. Je, anaacha kazi mara tu inapokuwa ngumu? Je, hulia akikosea? Joseph Renzulli, mtaalamu wa Marekani, tangu mwaka 1978 amekuwa akifundisha kwamba kipaji ni makutano ya mambo matatu: uwezo ulio juu ya wastani, ubunifu, na kujituma katika kazi. Hilo la tatu ndilo wazazi hulisahau. Mtoto aliyezoea kupata kila kitu bila jasho anaweza kuwa na uwezo mkubwa na asiwe tayari kabisa kwa darasa linalomtaka atoke jasho, na huyo anahitaji kwanza kuzoeshwa kazi ngumu kidogo kidogo pale pale alipo.

Hatua ya nne: Mpime, mfundishe, kisha umpime tena

Hatua hii ndiyo kiini cha mwongozo wote, na ina asili ya karibu. Wanasaikolojia Robert Sternberg na Elena Grigorenko, pamoja na wenzao, walifanya utafiti kwa watoto wa shule zaidi ya 300 katika maeneo ya jirani na Bagamoyo, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2002. Watoto walipewa majaribio ya kufikiri, wakafundishwa kwa muda usiozidi saa moja mbinu za kuyakabili, kisha wakapimwa tena. Alama zilipanda, lakini lililo muhimu zaidi ni kwamba alama za mwanzo zilihusiana kwa udhaifu na alama za mwisho. Baadhi ya watoto walioonekana wa kawaida walipanda mno baada ya kufundishwa kidogo. Mtu aliyepima mara moja tu na kuondoka asingewaona hao.

Mojawapo ya majaribio hayo lilikuwa mchezo wa maswali ishirini, nao unawezekana nyumbani bila gharama. Kata karatasi 16 zinazotofautiana kwa mambo manne tu: rangi mbili, maumbo mawili, ukubwa wa namna mbili, na kuwa na nukta au kutokuwa nayo. Chagua moja kichwani, kisha mtoto aulize maswali ya ndiyo au hapana mpaka aipate. Duru ya kwanza usimsaidie hata kidogo. Watoto wengi wa miaka 6 huonesha karatasi moja moja wakiuliza "ni hii?", na hiyo ni kawaida ya umri wao, kwa hiyo usikunje uso.

Kisha mfundishe kwa dakika chache. Uliza wewe, "ni nyekundu?", na jibu likitoka ondoa mbele yake nusu nzima ya karatasi, aone zimebaki 8. Uliza tena, zibaki 4. Mwache aone kwamba maswali manne yanatosha kwa karatasi zote 16. Usimhubirie, cheza naye mara mbili au tatu tu.

Siku inayofuata badilisha vitu kabisa. Panga mkekani vitu 16 vya jikoni: kijiko, kikombe, mbuzi ya nazi, kitunguu, kifuu, ufagio, upawa na kadhalika. Hapa hakuna rangi mbili wala nukta. Mtoto aliyeelewa mbinu atatafuta mwenyewe swali la kugawa vitu hivyo, kama vile "kinaliwa?" au "kina chuma?", na akiona swali lake limeondoa kitu kimoja tu atalibadilisha. Mtoto aliyekariri atauliza kama ni chekundu. Kuhamisha mbinu kutoka karatasi hadi mbuzi ya nazi ndiko unakokutafuta. Rudia kwa mambo mengine mawili au matatu katika wiki zinazofuata, kwa mfano kusoma ramani ndogo ya mtaa wenu au kucheza bao la kujifunza kabla ya bao lenyewe la mashimo 32 na kete 64, kwa sababu siku moja ya usingizi mbaya au homa inaweza kupotosha picha.

Vitendawili vyetu, kwa bahati mbaya, havifai kwa kazi hii vikichukuliwa kama vilivyo. Anayejibu haraka ni yule aliyekwisha kuvisikia. Ukitaka kuvitumia, mwambie mtoto atunge kimoja kipya kuhusu kitu kilicho mbele yake. Kutunga kitendawili kunadai uwezo mkubwa kuliko kukitegua.

Hatua ya tano: Vipimo vya wataalamu, kama vinahitajika

Kwa watoto wengi hatua hii inaweza kurukwa bila hasara yoyote. Wanasaikolojia wanaopima akili za watoto hupatikana zaidi Dar es Salaam, yapata kilomita 70 kutoka hapa, na vipimo vyao ni ghali kwa familia ya kawaida. Katika vipimo vingi wastani ni alama 100, na anayepata 130 au zaidi huwa katika watoto wawili hivi kati ya kila 100. Tatizo ni kwamba viwango hivyo vimewekwa kwa kupima watoto wa nchi nyingine, na kwamba alama za mtoto wa miaka 5 au 6 hubadilika sana anapokua. Kipimo kinachofanywa kwa Kiingereza kwa mtoto wa Kiswahili hupima Kiingereza chake kabla ya kingine chochote. Uliza kwanza kitafanyika kwa lugha gani.

Alfred Binet na Théodore Simon, waliotunga kipimo cha kwanza cha namna hii Ufaransa mwaka 1905, walikusudia kuwatambua watoto wanaohitaji msaada shuleni, hawakuwa wakitafuta vinara. Mwanasaikolojia Lewis Terman ndiye aliyetumia toleo lake la kipimo hicho Marekani kuanzia mwaka 1921 kuwachagua watoto wenye vipaji na kuwafuatilia kwa miaka mingi. William Shockley na Luis Alvarez walipimwa wakiwa watoto kwa ajili ya utafiti huo wa Terman na hawakufikia alama za kuchaguliwa. Kila mmoja wao baadaye alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia, wa kwanza mwaka 1956 na wa pili mwaka 1968.

Kipimo kimoja, hata hivyo, kisikose kufanyika: macho na masikio, katika hospitali iliyo karibu. Mtoto mwenye uwezo anayeanza kuvuruga darasa au kushuka ghafla huenda haoni ubaoni.

Hatua ya sita: Kaa na mwalimu, kisha na ustadhi

Nenda shuleni kwa miadi, baada ya vipindi, na usianze kwa kumwambia mwalimu kwamba mwanao ana kipaji. Mwalimu mwenye watoto wengi darasani amekwisha kuyasikia hayo kwa wazazi wengi. Msalimu, mpe pole na kazi, kisha umwulize: "Mwalimu, huyu mtoto akimaliza kazi kabla ya wenzake, hufanya nini?" Swali hilo hufungua mazungumzo. Likijibiwa kwamba huanza kuwachokoza jirani zake, au husinzia, au huwasaidia wenzake kila siku kama mwalimu mdogo, umepata habari yenye thamani. Baada ya hapo ndipo utoe daftari lako na kuonesha kurasa mbili tu, si zote.

Tambua pia kwamba baadhi ya walimu huchanganya utiifu na uwezo. Mtoto msafi, mkimya, mwenye mwandiko mzuri hupendekezwa mapema. Yule anayebishana na kuuliza "kwa nini" mara tatu huitwa mtundu. Wasichana huumizwa na kasoro hii kwa namna nyingine, kwa kuwa wengi wao hujifunza mapema kunyamaza ili wasionekane wajuaji.

Watoto wengi wa hapa pwani husoma pia chuoni, yaani madrasa ya Kurani, na ustadhi ni shahidi ambaye shule huwa haimkumbuki. Chuoni mtoto huendelea kwa hatua yake mwenyewe. Aliyemaliza kilichopo hupewa kinachofuata, awe ameketi na wakubwa au wadogo. Mwulize ustadhi mambo mawili yaliyo tofauti: anahifadhi kwa kasi gani, na je, akisahihishwa kanuni moja ya usomaji, huitumia mwenyewe katika aya nyingine? La kwanza ni kumbukumbu. La pili linafanana na ule mchezo wa karatasi. Mwulize pia anavyoishi na waliomzidi umri, kwa kuwa atakuwa amekwisha kuliona hilo kwa macho yake.

Hatua ya saba: Chagua badiliko dogo linalotosha

Anza chini. Je, mwalimu anaweza kumpa kazi yenye kina zaidi ndani ya darasa lake mwenyewe? Ikishindikana, je, anaweza kuingia darasa la juu kwa somo moja tu, kama Hisabati, kisha akarudi? Watoto wengi wenye uwezo mkubwa wana upande mmoja ulio mbali na pande nyingine zilizo za kawaida kabisa, na kumrusha mzima mzima kwa sababu ya Hisabati ni kumtwisha mzigo asiouhitaji. Kama uwezo wake uko katika ngoma, uchoraji au uigizaji, kurushwa darasa hakumsaidii chochote. Tembeleeni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo wakati wa maonesho, na mtafutie mtu wa kumfundisha.

Kurushwa darasa kubaki kwa mtoto aliye mbele katika karibu kila somo na ambaye hatua za chini zimejaribiwa zikashindwa. Tafiti za Marekani kuhusu watoto waliorushwa baada ya kuchaguliwa kwa uangalifu zinaonesha kwamba wengi hufanya vizuri kimasomo na hawaharibikiwi kijamii, kwa hiyo hofu ya jumla isikuzuie. Zipo lakini hali ambazo ningekataa. Ningekataa kama darasa analokwenda ndilo alilomo kaka au dada yake, maana nyumba hiyo haitakuwa na amani. Ningekataa kama mwalimu anayempokea hataki. Ningekataa kama mtoto mwenyewe, akiulizwa faraghani na mtu anayemwamini, anasema hapana. Na ningesita kama mkono wake bado haujakomaa kuandika, kwa kuwa darasa la juu lina kazi nyingi ya kunakili ubaoni.

Fikiri pia mbele. Kwa mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024, elimu ya msingi ni ya miaka 6, hivyo aliyeanza Darasa la Kwanza akiwa na miaka 6 ataingia Kidato cha Kwanza akiwa na 12. Aliyerushwa mara moja ataingia na 11, na akichaguliwa shule ya vipaji maalumu, ambazo ni za bweni, ataondoka nyumbani na umri huo. Kwa mtoto mmoja hilo ni sawa, kwa mwingine ni mapema mno, na wewe ndiye unayemjua.

Kwa shule ya serikali, zungumza na mwalimu mkuu na Afisa Elimu Kata kabla ya jambo lolote kufanyika. Uliza namba ya mtoto ya PReM, yaani mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi wa shule za msingi, itashughulikiwaje, na hatua hiyo itagusa vipi upimaji wa KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) wa Darasa la Pili na upimaji wa kitaifa wa Darasa la Nne. Makubaliano ya mdomo hayatoshi. Mtoto anayeketi darasa moja huku kumbukumbu zikimtambua katika darasa jingine atapata usumbufu siku ya kusajiliwa.

Hatua ya nane: Weka muda wa majaribio

Badiliko lolote lianze Januari, na tarehe ya kulipitia upya iwe imeandikwa tangu siku ya kwanza, yaani kabla ya likizo ya Juni. Mwambieni mtoto mapema, kwa maneno mepesi, kwamba anajaribu darasa hili na kwamba kurudi kwa wenzake si adhabu. Ndugu zake wasisikie neno "kipaji" likitajwa kila chakula cha usiku.

Katika miezi hiyo tazama mambo manne: usingizi wake, hamu ya kula asubuhi ya siku za shule, kama ana angalau rafiki mmoja anayemtaja kwa jina, na kama bado anauliza maswali nyumbani. Alama zinaweza kushuka katika muhula wa kwanza bila kuwa na tatizo, kwa kuwa sasa anakutana na mambo asiyoyajua. Lakini mtoto aliyekuwa akiuliza mpaka mnachoka, kisha akaacha kuuliza kabisa kufikia Mei, arudishwe au apunguziwe mzigo hata kama alama zake ni nzuri. Mjadala huo ufanyike kati yenu na walimu wawili, yule wa zamani na huyu wa sasa, na uamuzi uandikwe, usainiwe na mwalimu mkuu, na nakala moja ibaki kwenu.